Baada ya Tisa

Kazi yangu ni kusuka nywele, na msusi masikio yake hayana mlango. Mtu akishakaa chini, kichwa kikaingia katikati ya magoti yako, mdomo wake hufunguka wenyewe. Nimesikia ya ndoa za watu, ya wakwe, ya mimba ambazo waume wenyewe hawajaambiwa. Kibanda changu kiko Kisumu Ndogo, hapa Malindi, kimeezekwa makuti, kina benchi moja na kioo kilichopasuka pembeni. Hapo ndipo nilipokaa nikiwasikia watu wakiichambua albamu ya mume wangu, wengi wao bila kujua kwamba ni ya mume wangu, na vidole vyangu vimo kwenye nywele zao.

Namkumbuka mama mmoja wa mtaa wa Barani aliyekuja kusukwa mistari. Hata sijamaliza kumchana, akaanza.

"Shoga, umeisikia ile albamu ya mti unaoongea?"

"Ipi hiyo?" Nikajitia sijui.

"Ya roki. Magitaa yanalia kama mbuzi anayechinjwa. Nyimbo zenyewe hazina majina, zina namba. Kuzunguka kote kule, mwisho wake baba anamlaani mwanawe wa kumzaa, halafu basi, imekwisha. Mwanamume gani huyo? Hana haya wala hana vibaya."

Nikaivuta nywele. Akasema ninamuumiza. Nikamwambia aniwie radhi, nywele zake ngumu. Hazikuwa ngumu hata kidogo.

Tusi lenyewe halikunikera sana. Mume wangu nami humtukana nikitaka. Kilichonichoma ni kwamba alichokisema hakikuwa kweli. Albamu ile haiishii kwenye laana. Mimi nilikuwepo kila wimbo ulipotungwa, nikipika, nikifua, nikiziba masikio, na nilijua inaishia wapi. Nilijua pia imetengenezwa isikilizwe na mtu mmoja tu, mwanangu, na kwamba katika nyimbo zote kumi alihitaji kuusikia mmoja, ule wa mwisho.

Mume wangu ni mtu wa Magarini, Mgiriama kama mimi. Kwao mzee mwenye cheo akifa, baadaye huchongewa kigango. Ni mti mgumu uliochongwa mfano wa mtu, kichwa cha duara, kifua kimetiwa nakshi, ukasimamishwa pale nyumbani kwake. Marehemu ndiye huyo sasa. Hupewa habari za nyumbani, humiminiwa tembo la mnazi, na haondolewi. Watu wakihama, yeye hubaki. Mimi ni mtu wa kanisa na sijapata kukimiminia kitu, lakini kila tulipokwenda shamba nilikipa shikamoo, kwa sababu alikuwa baba mkwe, na adabu ni adabu.

Mwanangu, kifungua mimba wangu, alikiuza. Wageni walikuwa wamepungua, kazi ya hotelini ikamwishia, na kuna watu wanaozunguka vijijini wakivitafuta vigango ili wakawauzie matajiri wa ng'ambo wapambe sebule zao. Alimng'oa babu yake, akamfunga kwenye gunia, akamtoa. Sisi tulipofika tulikuta shimo.

Hakukana, na kwa hilo namsifu mpaka leo. Alisimama mbele ya babake akasema, "Ni mimi, baba. Nilikuwa na shida." Mume wangu hasira zake ni moto wa makuti, huwaka ghafla ukazima ghafla. Lakini siku ile ulimi ulitangulia moyo. Alisimama ukingoni mwa shimo akamwambia, "Kuanzia leo huna radhi yangu. Popote utakapokanyaga pasikupokee."

Mtu wa bara huenda akasema hayo ni maneno tu ya mzazi aliyeudhika. Sisi watu wa huku, awe Mwislamu, awe Mkristo, awe mtu wa mila, tunaijua radhi ya mzazi. Asiyekuwa nayo haoi akatulia, hajengi, hakai mahali. Mwanangu alisikia maneno yale, akanitazama mimi mamake nimtetee. Nilifungua mdomo, babake akaninyamazisha kwa mkono. Kijana akaondoka na nguo alizovaa. Simu akabadilisha namba. Tukamtafuta kwa jamaa walioko Mombasa, tukamtafuta Garsen, ng'o.

Moto wa makuti ulizima kabla ya mwezi kuisha. Mume wangu akakonda. Kauli ya mzazi hurudishwa, na kwetu namna yake ni hii: mzazi huchota maji kwa kata, akayatia mdomoni, akampulizia mwanawe kifuani, pfuu, kisha akasema maneno ya kumfungua. Ni jambo dogo, unaweza kulimaliza chai haijapoa. Lakini mtoto lazima awepo. Huwezi kumpulizia maji mtu usiyejua yuko wapi.

Ndipo akalivuta gitaa la umeme kutoka uvunguni. Alikuwa amepiga gitaa mahotelini miaka mingi, nyimbo za kuwakaribisha wageni, na shati la maua alilolichukia. Mgeni mmoja mzee, alipokuwa anarudi kwao kwa safari ya mwisho, alimwachia gitaa lile na spika yake. Roki mume wangu aliipenda tangu ujana, na sisi majirani na jamaa tumemvumilia. Nilimuuliza kwa nini asitunge chakacha, watu wakaelewa. Akanijibu, "Nilipomwambia yale nilipayuka. Siwezi kuyarudisha kwa kunong'ona tu, hataniamini. Nipayuke kwanza, halafu ndipo ninong'one."

Kwa hiyo akatunga hadithi, wimbo baada ya wimbo, na msimuliaji ni kigango mwenyewe. Wa kwanza, mzee anakufa na mti unatafutwa. Anachongwa, anasimamishwa, anamwona mjukuu akicheza miguuni pake. Mjukuu anakua, anapata njaa, anajiwa na mnunuzi. Katika wimbo wa sita anang'olewa. Wa saba yumo ndani ya gunia. Wa nane amesimama sebuleni kwa watu asiowajua, karibu na televisheni, anaona baridi na hakuna anayemwambia habari za nyumbani. Wa tisa kigango ananyamaza, na baba wa yule kijana anaingia kwa mara ya kwanza. Analikuta shimo, anapayuka, anamlaani mwanawe. Gitaa la hapo, hata mimi nisiyependa roki, lilinisimamisha nywele.

Halafu wa kumi. Hauna ngoma. Unaanza na sauti ya maji, pfuu, mume wangu akipulizia mbele ya maikrofoni. Mwenye studio alikorekodia alitaka kuifuta, akadhani ni kasoro. Mume wangu akamwambia, "Ukiifuta hiyo umefuta yote." Baada ya hapo anasema kwa sauti ya chini, gitaa likimfuata polepole, kwamba mwana akinyea kiganja, kiganja hakikatwi. Kwamba neno alilolitoa amelimeza. Kwamba popote mwanawe atakapokanyaga, pampokee. Nilijua mwanangu akiisikia ile pfuu, hata awe usingizini, atajua ni nani na anafanya nini.

Majina ya nyimbo aliyakataa. Akaziita kwa hesabu tu: Kwanza, Pili, Tatu, Nne, mpaka Kumi. "Mtu ukimpa majina atachagua," aliniambia. "Ukimpa namba atahesabu. Hii ni hadithi, lazima ifuatwe." Alifurahi sana na ujanja ule. Jina lake pia hakuliandika. Kwenye picha ya jalada aliweka lile shimo. Anayehusika, alisema, ataijua sauti.

Kuna jamaa mwenye kibanda cha simu hapa kwetu ambaye kazi yake ni kuwatia watu nyimbo kwenye flashi. Tukampelekea. Watu wa tuktuk wakaichukua, wa maduka wakaichukua, madereva wa malori wakaondoka nayo. Ikatia fora, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Mume wangu akaanza kula tena. Tulisema, ikienda kila mahali, na yeye aliko itafika.

Maoni yakaanza kuja. Kanisani kwetu mama mmoja alinishika mkono baada ya ibada akaniambia mti unaoongea ni pepo, na mume wangu aombewe. Ami yake mume wangu alikuja kutoka Magarini, akasikiliza kwenye simu ya mjukuu, akasema, "Huyu marehemu ndugu yangu hakuwa mtu wa kelele. Wafu wetu husema ndotoni, taratibu. Hawapayuki." Mswahili mmoja wa mji wa kale, muuza vitambaa ninayemnunulia khanga, yeye alizihesabu beti kwa vidole. Akanyanyua nyusi. "Maneno mazuri, bibi, sikatai. Lakini vina hamna, mizani hamna. Ni kanzu iliyosahauliwa shingo." Jirani yangu wa kutoka bara, fundi wa vyuma, alinipigia kelele ng'ambo ya uchochoro, "Mama, hii story iko sawa kabisa, lakini hiyo wimbo ya kwanza inalala sana. Mimi huruka."

Hapo nilijiuliza, wimbo wa kwanza unalalaje na una ngoma ya msiba mzima? Nikaona ni watu wa bara, kila mtu na masikio yake. Lakini neno likajirudia. Wasichana wawili wakisubiri zamu yao walisema ule wa mwanzo ni wa kupima spika, mtu anatema mate kisha anaongea peke yake. Na kila mtu, kila mtu, aliniambia utamu uko kwenye Tisa, ule wa mwisho. Mwalimu mmoja wa nasari alilia kwenye kibanda changu akiusimulia. "Yaani inaisha hivyo hivyo," akasema. "Mtoto amelaaniwa, kwisha habari." Nikamwambia bado kuna Kumi. Akanitazama kwa huruma. "Mama, mimi nimeisikiliza yote. Tisa ndiyo mwisho."

Basi siku moja nikapanda tuktuk kutoka sokoni na mzigo wangu wa nywele za kusukia, na dereva akawa ndiyo kwanza anawasha redio. Ikalia pfuu. Sauti ya mume wangu ikaanza kunong'ona. Dereva akabonyeza, akairuka.

"Mbona umeanzia mwisho?" nikamuuliza.

"Hapana, mama. Hiyo ndiyo ya kwanza."

"Hiyo ni Kumi."

"Ndiyo, Kumi. Redio hizi zinapanga kwa herufi. Inaanza Kumi, inakuja Kwanza, halafu Nane." Akacheka. "Hadithi yake kali sana. Kigango kinakufa Ulaya, halafu kinachongwa tena, yaani kinafufuka, halafu baba anakikataa. Mimi nimeitafakari."

Alikuwa ameitafakari kweli. Alinieleza njia nzima maana ya kitu ambacho hakikuwapo. Sikumsikia vizuri. Nilikuwa nikihesabu kwa vidole juu ya mzigo wangu: Kumi, Kwanza, Nane, Nne, Pili, Saba, Sita, Tano, Tatu, Tisa. Nilihesabu tena. Radhi ilikuwa imetangulia kwa mtu asiyejua ni radhi ya nini, na laana ndiyo iliyobaki masikioni mwake.

Nilipofika nyumbani nilimwambia mume wangu vile vile nilivyoambiwa. Alikuwa ameketi mkekani akibadilisha nyuzi za gitaa. Naye akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza. Alipofika Tisa akacheka, kicheko kifupi, kisha akaweka viganja usoni. Nilikuwa na hasira naye, sifichi. Nikamwambia, "Ujanja wako huo. Ungezipa majina kama watu wote." Na nilikuwa na mengi zaidi.

Tulijaribu kurekebisha. Mwenye studio akaziandika upya kwa tarakimu ili zifuatane, na mwenye kibanda cha simu tukampelekea, akasema hewala, atazitia hizo kuanzia sasa. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Zile za zamani zilikuwa zimeshafika Mtwapa, zimeshafika Lamu, zinalia kwenye malori tusiyoyajua. Mume wangu akaenda redioni, kituo kimoja cha huku, akawaomba wampigie Kumi peke yake. Mtangazaji alikuwa mpole. Aliipiga mpaka nusu, akaikata kwa tangazo la magodoro, kisha akasema, wasikilizaji, sasa tuiweke ile mnayoipenda, akaweka Tisa.

Tukabaki na tumaini moja tu, na aliyelileta ni mume wangu. Usiku na mchana alikuwa akilifikiria lile jambo la redio za flashi kupanga kwa herufi. "Huwa zinazunguka," akaniambia. "Flashi ikifika mwisho hurudi mwanzo yenyewe. Kwa hiyo baada ya Tisa inakuja Kumi. Si ndiyo? Laana, halafu maji. Akikaa tu kidogo, asiizime, ataisikia." Alisema kweli. Tuliijaribu kwenye redio ya jirani. Tisa ikaisha kwa kelele zake, kimya kidogo, kisha pfuu. Alinitazama machozi yakimlengalenga. Tangu hapo kila aliyetuletea habari ya mtu anayesikiliza albamu, mume wangu alimuuliza jambo moja: huwa anaiacha izunguke?

Kisha akaja mwanamke wa Kuruwitu. Alikuwa amemtembelea dadake hapa Malindi, akataka kusukwa kabla ya kurudi. Nilikuwa nimefika nusu ya kichwa aliponiuliza kama mimi ndiye msusi ambaye mumewe hupiga gitaa. Nikasema ndiye, nikijitayarisha kwa maoni mengine.

"Nina salamu zako," akasema. "Kwetu kuna kijana anayelinda ile sehemu ya bahari isiyovuliwa. Alisikia ninakuja huku akaniambia, ukifika Kisumu Ndogo mtafute msusi, umwambie shikamoo. Na mzee umwambie ujumbe wake nimeusikia mpaka mwisho. Sitamsumbua."

Kitana kilinianguka. Mpaka mwisho. Nilimuuliza mwisho upi, akasema yeye hajui, ndivyo alivyoagizwa. Kuruwitu si ng'ambo. Ni huku huku kwetu, ukitoka asubuhi unafika jua halijawa kali. Tulikuwa tumemtafuta mpaka Garsen naye yuko Kuruwitu, analinda kitu kisiondolewe mahali pake. Nilimwachia yule mama kichwa nusu. Nilimfunga kitambaa, nikamwomba radhi, nikamwambia dadake atamalizia. Akaelewa, Mungu ambariki.

Mume wangu alitaka tuende pamoja. Nilikataa. Nilijua kijana akimwona babake kwa ghafla atakimbia kabla hatujafungua mdomo. "Wewe kaa," nikamwambia. "Nitakuletea." Akakubali. Asubuhi natoka, nilimwacha anaisugua kata kwa majivu. Mtungi alikuwa ameshaujaza.

Mwanangu sikumkuta. Mama mwenye nyumba aliyokuwa amepanga, mkongwe anayekaanga viazi karai kando ya njia, alinikalisha kwenye kigoda kabla hata sijamaliza kumwamkia, na kwa namna alivyonikalisha nikajua. Kijana alikuwa ameondoka siku iliyotangulia. Lori la kwenda Lunga Lunga, kisha Tanga, na baada ya Tanga mwenyewe hakusema.

"Nilimzuia," yule mama akasema. "Nikamwambia, kazi unayo, watu wanakupenda, unakwenda wapi? Akaniambia, mama, mtu asiye na radhi hakai mahali."

Alinionyesha chumba. Kitanda cha kamba, shati moja kwenye msumari, na redio ndogo ya flashi dirishani. Redio ameiacha, akasema, hakuitaka tena. Nikamuuliza aliisikilizaje. Swali la mume wangu lilikuwa mdomoni mwangu.

"Alikaa hapo kizingitini," akasema. "Mimi muziki ule siuwezi, lakini nilimwonea huruma, nikamwacha. Zile kelele za mwisho zilipokwisha hakuizima. Alikaa tu."

"Hakuizima?"

"Hakuizima. Ikaanza tena, akaisikiliza tena yote, kama mtu anayengoja kitu. Ilipofika mwisho mara ya pili akaniuliza, mama, hadithi hii imekwisha? Nikamwambia imekwisha, mwanangu, si unaona imerudi mwanzo?"

Niliichukua ile redio nikaiwasha. Ilianza na ngoma ya msiba, Kwanza. Nikadhani nimebonyeza vibaya. Nikarudi nyuma, ikaja Tisa. Nikaenda mbele, Kwanza. Nilipita zote, moja moja, na yule mama amesimama na mwiko wake mkononi hanielewi. Nane, Nne, Pili. Zilikuwa tisa. Nilitafuta ile pfuu mpaka kidole kikaniuma, na haikuwamo.

Niliporudi Malindi nilipitia kwanza kwa yule jamaa wa kibanda cha simu, redio iko mkobani. Hakunificha, wala hakuona kama kuna la kuficha.

"Ile ya Kumi niliitoa kitambo, mama, kabla hamjaniletea zile za tarakimu," akasema. "Wateja walikuwa wakinirudishia flashi. Kila mtu anasema ya kwanza mbovu, inatema mate, haina ngoma. Nikaona inamharibia mzee jina. Nilipoitoa, hakuna aliyelalamika tena."

Nilitaka kumtukana. Mimi si mtu wa kukosa tusi, wanaonijua wanajua. Lakini alikuwa akinitazama kwa wema, mtu aliyetutendea hisani, na nililolipata mdomoni lilikuwa ahsante. Nikamwambia ahsante, baba, nikaondoka. Njiani tuktuk ikanipita inapiga Tisa, na vijana nyuma wanaiimba ile laana neno kwa neno, kwa furaha.

Mume wangu alikuwa uani. Alikuwa amevaa shati lake jeupe la arusi za watu. Mtungi pembeni, kata juu yake. Alitazama nyuma yangu, akatazama mlango, akangoja mlango ufunguke tena. Haukufunguka. Nikamweleza, Lunga Lunga, Tanga, redio iliyoachwa dirishani. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akauliza lile lile alilokuwa akimuuliza kila mtu.

"Aliiacha izunguke?"

"Aliiacha."

Uso ukamfunguka. Mwaka mzima sikuwa nimeuona uso ule. "Basi aliisikia," akasema. "Baada ya Tisa aliisikia."

Nilifikiria kumwachia imani hiyo. Nasema kweli, nilifikiria. Lakini tayari alikuwa ananiuliza mbona basi ameondoka, kama ameisikia, mbona hakuja, amekataa radhi yangu? Nikaona hilo litamuua vibaya zaidi. Nikaitoa redio mkobani nikaiweka mkekani.

"Baada ya Tisa," nikamwambia, "inarudi Kwanza."

Alikaa akiitazama ile redio. Halafu akanyoosha mkono, akachota maji kwa ile kata aliyoisugua, akayatia mdomoni, mashavu yakajaa. Akaelekea mlangoni. Nami nikasimama, nikangoja kuisikia ile pfuu.

Akayameza.